Mnampa Dogo Alama, Timu Inayompokea Mnaipa Ngapi?

Leo mnivumilie kidogo, stori za nani kaachana na nani zitasubiri mpaka kesho. Leo nataka tuongee mpira, ila siyo ule mliouzoea wa Jumamosi na Jumapili. Naongelea ule wa Wamarekani, wa mpira wenye umbo kama yai, watu wamevaa helmeti na mabega ya plastiki. Najua wengi wenu mnaujua kwa mambo mawili tu: ile shoo ya katikati ya Super Bowl, ambayo Rihanna aliipiga 2023 akiwa na ujauzito dunia nzima ikabaki mdomo wazi, na yule shemeji yetu Travis Kelce, mchumba wa Taylor Swift.

Basi naanzia kwa shemeji.

Mwaka 2013 Kelce hakuwa shemeji wa mtu. Alikuwa kijana ametoka chuo, na siku vijana walipogawiwa kwenye timu, yeye alitajwa wa 63. Yaani watu 62 waliitwa mbele yake. Akaenda Kansas City Chiefs, na msimu wake wa kwanza akacheza mechi moja tu. Goti likazingua, akapelekwa kwenye upasuaji, msimu ukaisha hivyo. Ungeambiwa umpe alama mwisho wa ule mwaka ungempa ngapi? Kuwa mkweli. Hasara, mzigo, pesa imepotea.

Ila timu ilimsubiri. Ikamtibu, ikamrudisha taratibu, kocha akampangia mpira unaoendana na yeye. Leo ana pete 3 za ubingwa.

Swali langu la leo ni hili: alama ya usajili ule apewe Kelce, au wapewe waliomsubiri?

Kwa wasiojua, ule mgao wenyewe unaitwa drafti. Siyo ile drafti ya vizibo vya soda kijiweni, ya kuingiza kete na kulana. Hii ni siku tatu mwishoni mwa Aprili ambapo timu zote 32 za NFL zinachagua vijana kutoka vyuoni, kwa zamu, raundi 7. Mwaka 2025 ilifanyika mji mdogo unaoitwa Green Bay, wakachaguliwa vijana 257. Na sheria yake ni kwamba timu iliyofanya vibaya kuliko zote msimu uliopita ndiyo inapewa zamu ya kwanza, labda kama iliiuza zamu yake. Bingwa anachagua mwisho. Lengo ni kusawazisha ligi, asiwe yule yule anakula kila mwaka.

Kingine, kijana hachagui timu. Timu ndiyo inamchagua yeye. Ni kama zile seleksheni za kidato cha tano: unaamka asubuhi, unafungua orodha, unaambiwa shule yako iko mkoa ambao hujawahi hata kuuota, na unabeba godoro lako unaenda. Mimi binafsi orodha ile sikuwemo, lakini waliokuwemo nilikuwa nawaona wanavyohangaika kuulizia: kuna maji? Walimu wa sayansi wapo? Hakuna aliyeuliza yeye mwenyewe ana akili kiasi gani. Hilo lilishaisha kwenye mtihani. Walikuwa wanauliza wanakoenda kukoje.

Mimi haya mambo ya drafti nimeingizwa na bro mmoja tuliyekua naye hapa Mbagala, jina kapuni, sasa hivi yuko Marekani anapambana. Kila mwaka ikifika Aprili ananitumia linki. Kwa kule inaanza saa mbili usiku ya Alhamisi, huku kwetu inakuwa saa tisa usiku, Ijumaa imeshaingia. Mara ya kwanza niliangalia kwa ajili ya nguo tu, kiukweli. Wale madogo wanakuja na masuti ya rangi za ajabu, cheni, viatu vya kung'aa, mama zao wamependeza kama wako send-off. Kwa mtu anayeandika blogu ya mastaa, ile ni karamu. Kwenye kile chumba cha kusubiria kuna meza, kila familia na meza yake, na simu iko juu ya meza. Simu ikiita, maisha yamebadilika. Isipoita, kamera zinakuangalia usoni.

Aaron Rodgers alikaa kwenye kile chumba 2005 mpaka wenzake 23 wakapita. Akachukuliwa wa 24. Tena akaenda kukaa benchi miaka mitatu nyuma ya mkongwe. Halafu akaja kuwa mmoja wa mafundi wakubwa kabisa kwenye nafasi yake.

Sasa shida yangu inaanza asubuhi yake. Kabla vijana hawajavaa hata jezi ya mazoezi, mitandao imeshajaa alama. Timu hii A. Timu ile C. Kijana huyu wizi mtupu, yule amekosewa. Wanatoa kama matokeo ya mtihani, na mtihani wenyewe haujafanyika!

Mfano mzuri ni Seattle Seahawks 2012. Walichagua Bruce Irvin wa 15, Bobby Wagner wa 47, na Russell Wilson wa 75, ambaye wengi walimwona mfupi mno kwa nafasi ya kwotabeki. Kwotabeki ndiye anayeshika mpira na kuamua uende wapi, ndiye kichwa cha timu. Wapo waliowapa Seattle F. F kabisa. Februari 2014, yaani baada ya misimu miwili, timu ile ile iliifunga Denver 43 kwa 8 ikachukua Super Bowl. Wilson ndiye alikuwa kwotabeki. Wagner naye akaja kuwa mmoja wa mabeki bora wa kizazi chake.

Watu wakisikia stori kama hiyo wanasema, "Unaona, wachambuzi hawajui kitu." Mimi siendi huko. Wachambuzi wanajua mambo mengi. Wanaangalia video mpaka macho yanauma. Kuna kambi ya vipimo inafanyika Indianapolis kabla ya drafti, wanapima kila kitu: unakimbia yadi 40 kwa sekunde ngapi, unaruka juu kiasi gani, unanyanyua chuma cha kilo 102 mara ngapi, mpaka kiganja kinapimwa na rula. Tom Brady alipimwa pale, akakimbia yadi 40 kwa sekunde 5.28, kwa mchezaji wa kulipwa hiyo ni spidi ya mtu aliyebeba ndoo ya maji. Mwaka 2000 akachaguliwa wa 199. Akaja kushinda Super Bowl 7.

Vipimo havikudanganya, kweli Brady alikuwa mzito. Ila rula inapima kijana tu. Hakuna rula ya kupima nyumba anayoenda kukaa. Hapo ndipo naona alama zote zinapokosea.

Ngoja niwape stori ya mtaani, halafu tutarudi Marekani.

Kuna jamaa yetu hapa kitaa, nitamwita Fundi, maana ndivyo alivyokuwa. Mguu wa kushoto unaongea lugha zote. Akiwa na miaka 19 akasajiliwa na timu moja kubwa tu, jina kapuni, msinilazimishe. Ile picha yake ameshika jezi ilizunguka kila grupu la WhatsApp hapa Mbagala. Watu walimpa asilimia mia. Kuna mzee mmoja wa kijiweni alitoa tathmini nusu saa: spidi kumi kwa kumi, chenga kumi kwa kumi, krosi tisa, "hiyo moja nimemwachia aongeze bidii." Mama yake alipika pilau, tukala sote.

Baada ya mwaka na nusu Fundi akarudi na begi lake. Kijiwe kile kile kikatoa hukumu: alichemsha. Starehe. Kichwa kilivimba. Alikuwa wa mtaani tu, mpira mkubwa haukuwa saizi yake.

Hakuna hata mmoja aliyemuuliza huko alikutana na nini. Mimi nilimuuliza, ila ilinichukua muda mpaka afunguke. Ndani ya ule mwaka na nusu timu ilibadilisha makocha watatu. Yule aliyemtaka aliondoka kabla Fundi hajacheza mechi ya maana. Wa pili alimtumia beki ya kushoto. Wa tatu, Fundi anasema, hakuwahi kumwita jina, alikuwa anamwita "wewe kijana." Enka ikapinda mazoezini, akaambiwa apumzike nyumbani. Hela ya matibabu ilitoka kwenye mtaji wa vitenge wa mama yake. Na mkataba, wadau, nakala ya mkataba hakuwahi kupewa. Alisaini, karatasi ikaenda na mtu.

Sasa niambieni, hapo nani alichemsha?

Turudi Marekani. Mwaka 2002 kulikuwa na timu mpya kabisa, Houston Texans, ndiyo inaanza maisha. Wakapewa zamu ya kwanza kwenye drafti, wakamchagua kwotabeki David Carr. Nambari moja wa nchi nzima! Mkono mzuri, mwili mzuri, tabia nzuri, kila mtu akaridhika. Ila kazi ya kwotabeki inategemea wale mabaunsa wanaosimama mbele yake kumlinda. Texans hawakuwa na ukuta. Msimu wa kwanza Carr aliangushwa chini akiwa na mpira mkononi mara 76. Ni rekodi ya ligi, na mpaka leo haijavunjwa. Miaka mitatu baadaye, 2005, wakamwangusha tena mara 68.

Hebu fikiria wewe ni kijana wa miaka ishirini na kitu, kila wiki watu wenye kilo 120 na kuendelea wanakuangukia mara nne, mara tano. Itafika mahali hata mlango ukifungwa kwa nguvu unaruka. Miguu inaanza kukimbia kabla hujaangalia mbele. Mwaka 2007 wakamwacha, na jina lake likaingia kwenye zile orodha za waliofeli. Kwenye zile orodha utamkuta Carr na picha yake. Ule ukuta uliokuwa unavuja hutaukuta.

Na utaratibu wenyewe wa drafti una utani mbaya ndani yake: kijana bora kuliko wote anapelekwa kwenye timu mbovu kuliko zote. Inasaidia ligi, sawa. Lakini kwa kijana ni kama kupewa gari jipya halafu unaambiwa barabara utaikuta huko huko.

Sasa weka Carr upande huu, na upande wa pili weka hawa wawili.

Wa kwanza ni Patrick Mahomes. Mwaka 2017 Chicago walimchukua Mitchell Trubisky wa pili, Mahomes akaja kuchukuliwa wa 10 na Kansas City, timu ile ile ya shemeji. Hawakumrusha uwanjani. Mwaka mzima alikaa nyuma ya Alex Smith, mkongwe mwenye roho nzuri, anaangalia, anaandika, anajifunza. Alianza mechi moja tu, ya mwisho wa msimu. Mwaka uliofuata akapewa timu, akawa mchezaji bora wa ligi nzima.

Wa pili nampenda zaidi, anaitwa Jordan Mailata. Ni mtoto wa Australia mwenye asili ya Samoa, alikuwa anacheza raga. Mpira wa Kimarekani hakuwahi kuucheza hata mechi moja maishani mwake. Philadelphia Eagles wakamchagua 2018, nafasi ya 233, raundi ya mwisho. Ukiangalia alama za siku ile ungesema wamefanya masihara. Wakamkabidhi kwa kocha wao wa walinzi, Jeff Stoutland. Misimu miwili hakucheza mechi ya ligi hata moja, mgongo nao ukawa unasumbua. Hawakumtupa. Wa tatu akaingia, na Februari 2025 alikuwa uwanjani anamlinda kwotabeki wake wakati Eagles wanaichapa Kansas City 40 kwa 22 kwenye Super Bowl.

Hebu jiulize, Mailata angeangukia timu isiyo na mwalimu wa hivyo tungemjua? Angerudi Australia, na kijiwe cha kule kingesema alichemsha.

Hata huku kwetu hawa watu wameshafika. Mkenya Daniel Adongo, naye wa raga, alisajiliwa na Indianapolis Colts 2013 bila hata kupita kwenye drafti, akafika mpaka kucheza mechi za ligi. Na 2023 NFL walileta kambi yao ya vipimo Nairobi, vijana wa Afrika wakapimwa kama wanavyopimwa wenzao. Kwa hiyo msione ni mambo ya mbali. Rula ziko njiani.

Najua kuna mdau atasema, "Acha kumtetea kila mtu, wengine kweli hawana kitu." Sawa, nakubali, na mfano nakupa mwenyewe. San Francisco 49ers, timu yenye kocha mzuri na ukuta mzuri, mwaka 2021 walitoa zamu zao za raundi ya kwanza za miaka mitatu ili wampate Trey Lance nafasi ya 3. Mwaka uliofuata, na zamu ya mwisho kabisa ya drafti, ya 262, ile ambayo Wamarekani wenyewe wanaitania kwamba ni ya mtu asiye na umuhimu, wakamchukua Brock Purdy. Nyumba moja, kocha mmoja, chakula kimoja. Lance akavunjika enka, na 2023 akauzwa kwa bei ya kutupa. Purdy akaipeleka timu Super Bowl ya Februari 2024, na 2025 akasaini mkataba mpya wa dola milioni 265.

Kwa hiyo ndiyo, kijana ana sehemu yake, na bahati ina sehemu yake. Sikatai. Ila angalia, hata hapo tumejua Purdy ni nani kwa sababu alipewa nafasi kwenye nyumba iliyosimama. Ndiyo maana nasema alama ziwe mbili. Moja ya kijana, moja ya timu. Tatizo letu, Wamarekani na sisi wa Mbagala, tunatoa moja tu.

Na tunaitoa kwa kelele. Mlimwona Shedeur Sanders 2025? Mtoto wa staa mkubwa Deion Sanders, wengi walimtabiria raundi ya kwanza, nyumbani wamepamba chumba kizima cha kusubiria simu. Raundi ya kwanza ikapita. Ya pili ikapita. Katikati ya maumivu hayo simu ikaita, kumbe ni watu wanamtania, wanajifanya ni timu. Ligi ilichunguza, ikaipiga faini Atlanta Falcons dola 250,000 kwa sababu namba ilivuja kutoka kwa mtoto wa kocha wao mmoja. Shedeur akaja kuchukuliwa raundi ya 5, wa 144, na Cleveland Browns. Mitandao nzima siku tatu ni kumjadili yeye: anaringa, haringi, baba yake ameharibu, mkono wake dhaifu. Watu wachache sana walijadili Cleveland, timu ambayo tangu irudi ligini 1999 imeshaanzisha makwotabeki zaidi ya 35, na drafti ile ile ilishamchukua kwotabeki mwingine raundi ya 3. Mimi ningekuwa ni ndugu yake, hilo ndilo lingeninyima usingizi.

Sasa kwa nini nimeandika yote haya? Kwa sababu na mimi nina ndugu.

Mdogo wangu ana miaka 17. Winga, kushoto, na kabla hamjauliza, ndiyo, alikuwa anamfuata Fundi kama kivuli tangu ana miaka tisa, mpaka namna ya kukunja soksi aliiga kwake. Mwezi uliopita zilikuja simu mbili. Moja ni ya timu kubwa, inamtaka kwenye kikosi cha vijana. Ya pili ni ya timu ya daraja la chini, mkoani, ambayo nikiitaja nusu yenu mtauliza iko wapi. Majina yote kapuni, dogo bado hajasaini wakati naandika.

Nyumbani pakawaka. Mjomba alishaamua kabla hata hajakaa: timu kubwa, mjadala umefungwa. Bi mkubwa anaangalia sakafu tu. Kwenye grupu la familia watu wakaanza kumpa dogo alama. Spidi, chenga, nidhamu. Binamu yetu mmoja akaweka mpaka video na muziki. Nikaona hii ni drafti kabisa, tumebakiza masuti tu.

Nikamchukua dogo tukaenda kwa Fundi. Siku hizi ana kibanda cha kutengeneza simu, mteja akiwa hayupo anapiga danadana na chaja mbovu. Dogo akamwambia, "Bro, naomba uniangalie, uniambie kama naweza."

Fundi hakumwangalia hata mguu. Akamuuliza, "Huyo kocha wa vijana ana muda gani pale?"

Dogo hajui.

"Mawinga wa kushoto wako wangapi?"

Hajui.

"Mwaka jana walipandisha vijana wangapi timu kubwa, na sasa hivi wako wapi?"

Kimya.

"Ukiumia nani analipa? Utalala wapi? Shule utamalizia wapi, maana una mwaka umebaki? Mkataba nani atausoma kabla mama hajasaini, na nakala utabaki nayo?"

Dogo akawa mdogo kweli. Fundi akamwekea mkono begani, akamwambia, "Mimi nikikuangalia naona unaweza. Hata mimi waliniona naweza. Nenda kawaulize hayo, wote wawili. Atakayekasirika ukimuuliza, huyo ameshakujibu."

Wadau, mimi nimesoma uchambuzi wa drafti wa kila aina, wenye grafu na rangi rangi. Sijawahi kusikia uchambuzi mzuri kama ule, na umetoka kwa mtu ambaye mtaa mzima unasema alifeli.

Tukapiga simu. Timu kubwa, aliyepokea alituambia mambo ya mkataba siyo ya kuuliza kwenye simu, tumlete kijana na picha mbili za pasipoti. Tukauliza kocha ni nani, akasema wanasubiri kocha mpya. Hakuwa na lugha mbaya, ila hakutujibu hata swali moja. Timu ndogo, simu alipokea kocha mwenyewe. Ana mwaka wa nne pale. Akasema wana winga mmoja wa kushoto na anaumwa goti. Watalala wanne chumba kimoja, maji ni ya kisima, mshahara ni mdogo na wakati mwingine unachelewa, hakuficha. Shule iko karibu, mazoezi ni jioni. Mkataba ataututumia kwanza tuusome. Na kweli akautuma, kwa picha za simu, karatasi tatu, moja imepigwa na kivuli cha kidole chake.

Mimi sisemi timu kubwa zote ni mbaya na ndogo zote ni nzuri. Kuna timu kubwa zinalea vijana vizuri tu, na kuna timu ndogo ukienda unarudi na malaria na deni. Kansas City ni kubwa, na ndiyo iliyomsubiri shemeji. Nachosema ni kwamba ukubwa wa jezi hauna jibu la hata swali moja kati ya yale ya Fundi.

Mjomba amekasirika. Anasema tunamzibia kijana riziki, na kwamba mimi mwenye divisheni ya nne sina cha kumfundisha mtu kuhusu nafasi. Inaniuma, sitaki kudanganya. Na inawezekana kabisa dogo akaenda mkoani asitoboe, na mjomba akanikumbusha mpaka siku ya harusi yangu. Hiyo ndiyo bei yake. Ila dogo ameusoma ule mkataba mara mbili kwa mdomo wake, mbele ya bi mkubwa, neno kwa neno, na sehemu asiyoielewa akaiwekea alama kwa peni ili aulize. Bi mkubwa akasema, "Huyu anayejibu simu, nimemwelewa." Kwa hiyo keshokutwa wanaenda kusaini, na wanabeba daftari la kuandikia majibu.

Basi siku moja mkiona nimeposti picha ya dogo ameshika jezi ya timu msiyoijua, nawaomba kitu kimoja. Msimpe alama. Niulizeni kocha ni nani, analala wapi, na nakala ya mkataba iko kwa nani. Hayo nitawajibu.

Na wewe unayesoma, kuna mtu mtaani kwenu mlisema alichemsha? Mlishawahi kumuuliza alikutana na nini huko alikokwenda? Tiririka hapo chini, majina wekeni kapuni.